Paa Lililonunuliwa Mnadani

Mtaani kwetu wachache walijua jina alilopewa na wazazi wake. Wote tulimwita Keshia, kwa sababu tangu usichana wake mpaka mvi za kwanza zilipomchungulia juu ya masikio, alikaa nyuma ya kaunta ya lile duka kubwa la njia panda, akipokea hela na kurudisha chenji. Alikuwa na vidole vyepesi na uso usiochoka. Ukimpa noti iliyochanika anaigeuza mara moja, anakutazama, na wewe mwenyewe unairudisha mfukoni na kutoa nyingine bila kuambiwa neno.

Duka lile halikufungwa kwa siku moja. Kwanza walizima taa za nyuma. Kisha kaunta ya nyama ikajazwa maboksi ya sabuni. Halafu meneja akaanza kuwapitia wafanyakazi asubuhi na kuwaambia wavute sura. Kuvuta sura ni kuchukua vitu vichache vilivyobaki na kuvipanga mstari mmoja mbele kabisa ya rafu, ili mteja akitazama aone duka limejaa. Nyuma ya mstari ule hakuna kitu. Ukipenyeza mkono unatoka na vumbi. Keshia alivuta sura miezi mingi huku akijua anachofanya, mpaka siku walipoitwa wote stoo wakaambiwa kazi imekwisha.

Sehemu ya mafao yao walilipwa hela. Sehemu nyingine walipewa kadi za zawadi za duka la viatu la tajiri yule yule mwenye duka lao. Vilikuwa vijikadi vya plastiki vyenye picha ya utepe mwekundu, kila kimoja na namba yake ya siri iliyofunikwa kwa rangi ya kukwangua.

"Sasa mwenye nyumba nimpelekee viatu?" Keshia aliuliza.

 Meneja mwenyewe alikuwa ameshika za kwake mkononi.

Aliyemwonyesha njia ni mwenzake wa kaunta ya nyama, mwanamke waliyemwita Mrefu ingawa alikuwa mfupi kuliko wote. Mrefu alimfungulia kwenye simu mnada wa mtandaoni ambako watu huuza kadi wasizozihitaji. Mambo yenyewe si magumu. Mtu ana kadi ya kununulia vitu vya mia katika duka fulani, lakini yeye shida yake ni hela. Anaiweka mnadani, ianzie hamsini. Wanunuzi wanapandishana, huyu sitini, yule sitini na tano, na muda wa mnada ukiisha, aliyetaja bei ya juu analipa na kutumiwa namba za siri. Muuzaji kapata hela yake, mnunuzi kapata vitu vya mia kwa sabini, na kila mmoja anajiona mjanja.

Keshia aliuza kadi zake za viatu kwa hasara, akalipa kodi. Lakini mnadani hakutoka. Kwa siku kadhaa alikaa dirishani na simu yake, akitazama tu jinsi watu wanavyofanya. Akaona kwamba watu huuza kwa bei ya kutupa ada za shule zinapokaribia, na hununua bila kufikiri wakiwa na sherehe. Akaona pia kwamba mchana wa katikati ya wiki, walio na kazi wakiwa kazini, kadi nzuri hupita hivi hivi bila mtu wa kuzigombania. Na yeye kazi hakuwa nayo.

Basi akaanza. Alinunua kidogo, akauza kidogo. Kadi za sare za shule aliwauzia wazazi wa jengo letu, kadi za dawa aliwauzia wenye wagonjwa, kila moja chini ya thamani yake na juu kidogo ya bei aliyoinunulia. Kabla ya kulipa alihakikisha salio. Alipiga namba ya duka, akasikiliza ile sauti ya mashine ikimtajia kiasi kilichomo, akaipiga tena mbele ya mteja wake ili na yeye asikie.

"Kadi yangu haitamwaibisha mtu kwenye kaunta," alikuwa akisema. Aliijua aibu hiyo kutoka upande wa pili. Alikwisha kuwaona watu wazima wakirudisha maziwa na mkate mmoja mmoja, foleni nzima ikiwatazama mgongoni.

Kazi yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na bwana aliyeuza kadi saba za duka moja la masufuria, akaandika chini yake kwamba harusi imevunjika na sufuria hataki kuziona. Kulikuwa na waliogombania kadi ya mia mpaka wakaifikisha mia na kumi, kwa ubishi tu. Na siku moja kulikuwa na mwanamke aliyeweka kadi ya duka la nguo za watoto wachanga. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili: "Haijatumika. Haitatumika." Keshia aliyasoma, akailaza simu kifudifudi, akaenda kumchemshia mama yake chai. Aliporudi akaweka dau kubwa kuliko kawaida yake. Akaipata kadi, na faida hakupata.

Mama yake alikuwa akiishi naye katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo lisilo na lifti. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Alipanda ngazi zile siku walipohamia, na tangu hapo alishuka mara chache sana, kwenda hospitali, akiwa amebebwa. Dunia yake ilikuwa kiti cha plastiki mlangoni pa baraza dogo lenye kamba ya nguo. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alichosema ni kwamba siku moja angependa kuamka akanyage ardhi.

Neno hilo lilimkaa moyoni kaka yake Keshia, mtoto wa kwanza wa mama yule. Kaka alikuwa fundi ujenzi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Maisha yake yote alijenga nyumba za watu akilala kwenye za kupanga. Alikuwa na kiwanja kidogo nje ya mji, na humo, kila alipopata nafasi, aliinua ukuta wa nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa cha mama, chenye mlango mpana na choo jirani. Kuta zilikuwa zimefika juu. Lililobaki ni paa.

Jumapili moja alikuja na mkewe, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema lililomleta.

"Keshia, hizi kadi zako. Za lile duka la vifaa vya ujenzi, la barabara kuu, zinapatikana?"

"Zinapatikana, kaka."

"Kwa punguzo la kiasi gani?"

"Nikiwa na subira, robo. Nikiwa na subira sana, zaidi ya robo."

Kaka akatazama darini, midomo ikichezacheza. "Robo ya hela ya paa," akasema, "ni milango yote na madirisha."

Mkewe, wifi yake Keshia, alikuwa mwanamke mwenye ulimi, lakini si mbaya. "Wifi, mimi sikatai," alisema. "Nauliza tu nielewe. Hela ikiwa hela, si tayari ni hela? Kwa nini tuigeuze plastiki kwanza?"

"Kwa sababu plastiki yake inazaa," kaka akasema.

"Sijawahi kuona plastiki yenye mimba."

Wote wakacheka, na aliyecheka zaidi ni mama kwenye kiti chake, maana alikuwa amesikia neno paa. Siku ile ile kaka akamkabidhi dada yake hela aliyoikusanya kwa miaka, na nyingine aliyokopa kwa tajiri wake wa kazini. Hakudai maandishi. Alisema tu, "Nakuamini kuliko benki."

Keshia aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alinunua kadi za duka lile moja moja, kwa bei nzuri, akizikagua salio kila asubuhi kama mtu anayehesabu vifaranga. Mwanzoni alikuwa na wapinzani mnadani, watu wenye majina ya ajabu waliompandishia bei mpaka dakika ya mwisho. Kisha wapinzani wakapungua. Kadi zilizokuwa zikipatikana kwa robo ya punguzo zikaanza kupatikana kwa theluthi, halafu karibu nusu. Keshia akamwambia mama yake kwamba nyota yake imewaka.

Wiki ile aliamua kwenda dukani mwenyewe kuangalia bei za mabati. Alitembea kati ya rafu ndefu, akapita kwenye vitasa, akapita kwenye mabomba, akafika kwenye rangi. Makopo yalikuwa yamepangwa vizuri, lebo zote zikitazama mbele. Akanyoosha mkono kuchukua moja asome bei. Nyuma ya kopo hapakuwa na kopo. Akasukuma la pili, na la tatu. Ilikuwa ni ubao mtupu mpaka ukutani.

 Akaangalia juu, upande wa nyuma wa duka. Taa zilikuwa zimezimwa. Akaenda kwenye kaunta na kununua pakiti ya misumari ili tu amwone msichana wa kaunta usoni. Msichana alimrudishia chenji bila kuinua macho.

Keshia alijua. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, na ndilo lililommaliza. Angeweza kusema alidanganywa, na sote tungemwamini. Lakini yeye alikuwa amevuta sura kwa mikono yake, na alipoiona ya wenzake aliitambua.

Alitoka nje, akasimama chini ya bango la duka, akampigia kaka yake. Kaka alikuwa kwenye kazi mji wa jirani, kelele za mashine ya zege zikisikika nyuma yake. Walikuwa wamekubaliana watanunua mabati yote pamoja Jumamosi, kwa sababu kiwanja hakikuwa na mlinzi na mabati yakilala nje usiku mmoja hayaamki.

"Kaka, unaonaje tukinunua hata leo? Hata nusu tu. Yakae kwangu kwenye ngazi."

"Mabati kwenye ngazi za ghorofa? Kwani kuna tatizo?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani, alikuwa ameona mnadani fungu kubwa la kadi za duka lile, nyingi kwa pamoja, kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa chini ya nusu ya thamani. Mnada wa fungu lile ulikuwa unaisha mchana. Akilipata, paa litakamilika, dari itapatikana, na zitabaki kadi za ziada za kuuza, faida yake mwenyewe, ya kwanza kubwa tangu aachishwe kazi. Akajiambia labda duka linabadilisha mzigo. Akajiambia duka kubwa kama lile, lenye matawi kila mji, haliwezi kuanguka ndani ya siku chache. Duka lake lilichukua miezi.

"Hapana," akasema. "Hakuna tatizo. Nilikuwa na haraka tu."

"Basi Jumamosi," kaka akasema, akakata.

Fungu lile alilipata. Hakuna mtu hata mmoja aliyemwekea dau juu yake. Alipiga namba ya duka, mashine ikamtajia salio kadi baada ya kadi, zote zimejaa. Alhamisi akachagua zile za ziada, akaziweka mnadani kwa jina lake, zikaanza kupanda bei taratibu, na akamwambia mama kwamba akihamia kwenye chumba chake kipya atamnunulia pazia la rangi anayoitaka. Mama akasema kijani.

Jumamosi asubuhi walikwenda na gari la mizigo la kukodi. Kaka alikaa mbele na dereva, Keshia na wifi nyuma wakishikilia kingo, kanga na vitambaa vikipepea. Walipokata kona waliona watu wamesimama nje ya geti. Kaka alidhani ni foleni ya wateja, akasema walipaswa kuwahi zaidi.

Geti lilikuwa na mnyororo. Walinzi wageni, wenye sare mpya, walisimama ndani. Kwenye vyuma palibandikwa karatasi. Kaka alijipenyeza mpaka mbele, akaisoma kwa kidole, akairudia, kisha akageuka akamtafuta dada yake kwa macho.

"Njoo usome wewe," akasema. "Mimi labda sijaelewa."

Keshia akasoma. Karatasi ilisema duka limefilisika na matawi yote yamefungwa. Ilisema wanaodai wafike ofisi fulani. Na chini kabisa, kwa mstari mmoja, ilisema kadi za zawadi hazitapokelewa.

"Umeelewa nini?" kaka akamuuliza.

"Zimekufa, kaka."

"Zote?"

"Zote."

Kaka hakupiga kelele. Alivua kofia yake, akaiangalia ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena. Wifi ndiye aliyekaa chini, pale pale kwenye lami, mkoba wake mapajani. Dereva wa gari la mizigo akauliza kwa adabu kama wanarudi tupu, maana hela ya gari ni ile ile.

Ni wakati ule, wakiwa bado getini, simu ya Keshia ikatetemeka. Mnada wake umeisha. Kadi zake za ziada zimepata mnunuzi, mtu aliyejiita Baba Pacha, na amekwisha kulipa. Hela imeingia.

Jumatatu Keshia alikwenda peke yake kwenye ofisi iliyotajwa. Ilikuwa ghorofani, yenye viti vichache na watu wengi wa kusimama. Walikuwemo wauza saruji, madereva wa malori na wafanyakazi wa duka wenye sare zao bado. Zamu yake ilipofika, kijana mwenye miwani alimsikiliza bila kuchoka, akachukua kadi moja, akaigeuza.

"Wenye kadi wako mwisho kabisa," akasema. "Kwanza benki, kisha serikali, kisha wafanyakazi, kisha waliouza mzigo. Kikibaki kitu ndipo nyinyi. Una risiti ya duka?"

"Nilizinunua mnadani."

"Kwa nani?"

Keshia akamwonyesha jina kwenye simu. Haikuwa jina, ilikuwa herufi na namba.

"Basi mama, hata kwenye hao wa mwisho siwezi kukuandika," kijana akasema. "Wewe duka halikujui."

Akawaandikia wenye mnada. Wakamjibu haraka, kwa heshima, kwamba siku ya mauzo kadi zilikuwa zinafanya kazi na salio lilikuwa kamili, na kwa hiyo muuzaji hana kosa. Ilikuwa kweli. Akamwandikia muuzaji mwenyewe wa lile fungu, akamuuliza swali moja tu, kama alikuwa anajua. Ujumbe ulionyesha umesomwa. Jibu halikuja.

Ikabaki ile hela ya Baba Pacha. Haikuwa ndogo. Isingetosha paa zima, lakini chumba cha mama kingeezekwa, na kilikuwa ndicho chumba chenyewe. Baba Pacha alikuwa anaishi mji wa mbali, na habari za duka zilikuwa hazijamfikia. Huko lilikuwa na tawi dogo tu. Aliandika mara mbili. Kwanza aliuliza kama kadi zinafanya kazi matawi yote. Kisha akaandika: "Dada, usisahau kunitumia namba za siri. Nataka kuwawekea watoto sakafu, wanatambaa kwenye vumbi."

Keshia alikaa na ujumbe ule mchana kutwa. Namba za siri zilikuwa mbele yake. Kuzituma ilikuwa ni kugusa kioo mara moja, na wenye mnada walikwisha kumwambia wenyewe kwamba muuzaji hana kosa. Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani, akimwangalia.

"Mwanangu," mama akamwita, "mabati yameleta shida gani?"

"Duka limefungwa, mama."

"Litafunguliwa lini?"

Keshia akainamia simu. Mama naye akaacha kuuliza, akageuza uso kwenye kamba ya nguo.

Jioni Keshia akamwandikia Baba Pacha kwamba duka limekufa, kadi hazina thamani, na hela yake anamrudishia yote. Akairudisha. Baba Pacha akajibu neno moja: "Sawa." Pengine hakuelewa ameokolewa na nini, au alielewa na hakuwa na la kusema kwa mtu aliyemcheleweshea sakafu.

Keshia hakumwambia mtu. Mrefu ndiye aliyeona kwenye mnada kwamba mauzo yamefutwa, akamsifu mbele ya wifi kwa nia njema kabisa, akidhani anamjengea jina. Kesho yake kaka alikuja. Alipanda ngazi polepole, akagonga mlango ambao kwa kawaida aliusukuma tu.

"Nasikia ulipata hela," akasema akiwa amesimama.

"Nilipata. Nikairudisha. Kadi zilikuwa mbovu, kaka, ningemwibia mtu."

"Ni nani?"

"Simjui."

Kaka akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. "Na siku ile uliponipigia kazini, ukasema tununue hata nusu. Ulikuwa umeona nini?"

Angeweza kusema uongo. Alisema ukweli wote, makopo ya rangi, taa za nyuma, fungu la kadi. Alisema akiwa ametazama miguu yake. 

"Kwa hiyo yeye ulimwambia," kaka akasema. "Mtu usiyemjua sura ulimwonea huruma ukamwambia. Mimi ningekuwa mgeni, ningepona."

 Hakumtukana, hakumdai. Wifi angalau alipiga simu akalia na kumwita majina, na Keshia alishukuru kwa yale majina, kwa sababu yalikuwa kitu cha kushika. Kaka alimpa adabu tu. Tangu siku ile alimwita "dada", yeye ambaye miaka yote alimwita Keshia kama sisi wengine.

Mvua zilipoanza, kuta zile zilikuwa wazi. Kaka alifunika za chumba cha mama kwa turubai, upepo ukalichana. Matofali ya juu yakaanza kulegea, lipu ikavimba na kudondoka. Tajiri aliyemkopesha alianza kumkata kwenye mshahara, na kazi ya kiwanjani ikasimama. Waliopita walisema kuna mti umeota sebuleni, na kwamba mtu amechukua fremu ya mlango mpana.

Kisha kaka akaja kumchukua mama. Alikuwa anaishi na mke na watoto katika vyumba viwili vya chini, nyuma ya karakana ya pikipiki, mahali pa moshi na kelele. Lakini palikuwa chini. "Mama atakaa kwangu," alisema, na haikuwa kuomba. Mama alisema hataki kumwacha mtoto wake peke yake, akasema tena, mara ya tatu akanyamaza. Kaka akachutama, mama akamshika shingoni, wakashuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, sisi tukiwa milangoni tumebana migongo kuwapisha. Keshia alifuata nyuma na kiti cha plastiki na mfuko wa nguo. Kwenye gari kaka alipokea mfuko, akapokea kiti.

"Asante, dada," akasema. "Inatosha."

Keshia akapata kazi kwenye kibanda cha maegesho, kutoa tiketi na kupokea hela kupitia tundu la kioo. Mnada aliufuta kwenye simu. Kadi zile hakuzitupa, wala hakuzificha. Zilikaa kwenye bakuli juu ya meza, na ukimtembelea ulilazimika kuzisogeza ili upate pa kuweka kikombe. Tulijaribu kumfariji. Tulimwambia hata wasomi walipoteza hela kwenye duka lile, tukamwambia kaka ni damu yake, atalainika. Alitusikiliza kwa uso ule ule wa kaunta, akatushukuru, akatusindikiza mpaka mlangoni. Hakuna kati yetu aliyeyaamini maneno tuliyomwambia, wala yeye hakutudai tuyaamini.

Kila Jumapili alikwenda kumwona mama. Kaka alikuwa akitoka saa anazojua dada yake anakuja. Halikusemwa, lilizoeleka tu, na wifi aliwapangia wote wawili bila kuonekana anapanga. Mama alikuwa akikaa uani kwenye kiti chake, nyayo zake zikigusa saruji iliyolowa oili ya pikipiki. Macho yalikuwa yameanza kufifia. Jumapili moja alimwomba Keshia amkate kucha, kwa sababu wajukuu wanaogopa na wifi ana haraka.

Keshia akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaupakata mkono wa kulia wa mama, akaanza na kidole gumba. Alikata polepole, akipuliza kila kucha. Waliongea juu ya bei ya sukari. Mama akamuuliza kama anakula, akasema anakula.

Wifi akatokea mlangoni, akijifuta mikono. Alisita kwanza.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "amepiga. Amemaliza mapema leo, yuko kona hapo."

Keshia akainuka. Akauweka mkono wa mama juu ya paja lake, akampa wifi kile kikata kucha, akachukua mkoba wake na kupita mlango wa nyuma, ule wa karakana, kati ya pikipiki zilizofunguliwa. Mama aliendelea kunyoosha ule mkono mwingine mbele yake, akisubiri.